Umejuaje?

Ratiba ya shule ya sekondari huikata siku vipande vya dakika 40. Kengele, ambayo katika shule nyingi za vijijini ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa, mwalimu wa Historia anakusanya vitabu vyake, wa Hisabati anaingia, ubao unafutwa, na mwanafunzi anafunga daftari moja na kufungua jingine. Kwa siku moja anapita Jiografia, Kemia, Kiswahili, Uraia na Baiolojia bila kuhama dawati. Jioni akiulizwa nyumbani amesoma nini, hutaja majina ya masomo, na mara nyingi ndicho alichobaki nacho: majina hayo, pamoja na kurasa za notisi ambazo monita aliandika ubaoni na darasa zima likanakili.

Nilisoma hivyo Ihanda, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, kwenye nyanda za juu za kahawa, mahindi na maharage, upande wa barabara kuu inayokwenda Tunduma na Zambia. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiyapitia upya madaftari yangu, na kila ninavyoyapitia ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa masomo yale hayakutofautiana hasa kwa mada. Chuma kimo katika Kemia na kimo katika Historia. Jua limo katika Fizikia na limo katika Jiografia. Kahawa imo karibu kote. Kinachoyatofautisha ni jinsi kila somo linavyojibu swali moja fupi: umejuaje? Kila somo lina ushahidi linaoukubali na ushahidi linaoukataa. Mwanafunzi akimaliza shule bila kuufahamu ushahidi huo, amebeba majibu ya watu wengine tu, na siku majibu hayo yakibadilika hatakuwa na la kusimamia.

Nitaanza na Hisabati, kwa kuwa ndiyo kali kuliko zote. Chukua punje za maharage na uweke moja mezani. Ongeza tatu pembeni mwake, utapata mraba wa punje mbili kwa mbili. Ongeza tano, utapata mraba wa tatu kwa tatu. Ongeza saba, utapata wa nne kwa nne. Inaonekana kwamba ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano kuanzia moja, jumla yake daima ni namba mraba. Mtu anaweza kujaribu hivyo mpaka gunia liishe, na bado Hisabati haitaridhika. Itamwuliza: na mraba unaofuata je? Mifano mingi haiitoshelezi.

Kinachoitosheleza ni hiki. Ili kuukuza mraba wowote kwa hatua moja, unahitaji safu ya punje upande mmoja wake, safu nyingine kama hiyo upande wa pili, na punje moja ya kuziba kona. Kama mraba una punje kumi kila upande, utaongeza kumi, na kumi, na moja: ishirini na moja, ambayo ndiyo namba witiri inayofuata. Sababu hiyo haijali mraba ni wa ukubwa gani. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye kopo la maharage anaweza kusema jambo la kweli kuhusu namba ambazo hakuna binadamu atakayewahi kuzihesabu, na akalisema bila wasiwasi. Sijui zawadi nyingine ambayo shule inaweza kumpa mtoto wa mkulima kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Hata hivyo, katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa miaka mingi wanaoshindwa Hisabati wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu. Upungufu wa walimu upo, msongamano madarasani upo, na vyote viwili vina uzito. Lakini nadhani iko sababu nyingine: tulipewa kanuni kama amri. Aliyeamriwa akiisahau amri hana pa kwenda. Aliyeonyeshwa kwamba pembetatu yoyote ni nusu ya mstatili wenye kitako na kimo kilekile, akiisahau kanuni ya eneo lake, atachora, atakata, na ataipata tena mwenyewe. Hisabati ndilo somo ambalo mwanafunzi hana sababu ya kumwamini mwalimu kwa neno lake tu, na ni huzuni kwamba ndilo tunalolifundisha kwa kuaminishana kuliko yote.

Baiolojia haina uhakika wa namna hiyo, wala haiutafuti. Mbozi inaishi kwa kahawa ya Arabika, na Arabika ina maadui wawili ambao kila mkulima anawajua: chulebuni, inayoacha madoa meusi yaliyobonyea kwenye matunda mabichi, na kutu ya majani. Magonjwa yote mawili husababishwa na kuvu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake Mbimba, humuhumu Mbozi, na miongoni mwa kazi za taasisi hiyo ni kuwapatia wakulima miche ya aina zinazohimili magonjwa hayo. Mtu akikwambia mche huu unahimili, una haki ya kutaka kujua ametambuaje. Jibu la Baiolojia ni la subira. Aina mpya na ya zamani hupandwa pamoja, kwenye udongo mmoja, chini ya mvua ileile, zikahudumiwa sawasawa, ili tofauti itakayoonekana isiwe na chanzo kingine isipokuwa aina yenyewe. Kisha mtu anangoja. Mkahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa mavuno ya kwanza, na msimu mmoja hautoshi, maana mwaka wa mvua chache ugonjwa unaweza kupungua wenyewe. Hata baada ya yote hayo, Baiolojia husema: mpaka sasa. Kuvu nao hubadilika, na mche uliohimili jana unaweza kulemewa kesho.

Nilijifunza jambo hilo vizuri zaidi shambani kuliko darasani. Nilimkuta bibi yangu akitenga mikahawa ya kupogoa na ya kunyunyizia dawa, nikamsalimu, nikamwomba, "Bibi, naomba unieleze unavyoitambua yenye kutu, mbona kwangu yote inafanana?" Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unatazama jani juu. Geuza." Nilipogeuza nikaona unga wa rangi ya chungwa umetapakaa chini ya jani, na kwenye jani la mti wa pili haukuwepo. Bibi hakunijibu kwa umri wake, wala kwa kusema kwamba amelima miaka mingi. Alinipa ushahidi wa kuushika mkononi, ili nikienda peke yangu shamba la jirani niweze kutambua bila yeye.

Nimeeleza nilivyomwuliza kwa sababu kwetu jambo hili lina adabu yake. Kumtamkia mkubwa "umejuaje?" kavukavu ni kama kumwambia kwamba anadanganya, na watoto wengi hukua wakiamini kuwa kuuliza chanzo cha neno ni utovu wa heshima. Wanaingia darasani na imani hiyo, na mwalimu anasikilizwa kama mzee wa ukoo. Wahenga waliosema kuuliza si ujinga hawakusema kuuliza kusiwe na adabu. Njia ipo: naomba unieleze ulivyotambua, naomba unionyeshe. Mzee aliyeombwa hivyo hukunjua uso, maana anayeulizwa njia ya kujua anaheshimiwa kuliko anayeitikiwa tu. Mwalimu ni vivyo hivyo.

Kemia nayo hudai kitu kingine: mwingine akifanya vilevile apate vilevile. Puliza pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, yatageuka meupe kama maziwa. Yatageuka Ihanda, yatageuka Mombasa na Muscat, kwa mpulizaji tajiri na kwa mpulizaji maskini. Uzuri wa somo hilo ni kwamba halimjali anayesema. Linajali kama jambo linarudika. Ndiyo maana jaribio linaposimuliwa mdomoni badala ya kufanywa, kwa kukosa maabara au vifaa, mwanafunzi hajapungukiwa na kionjo. Amekosa somo lenyewe. Amepewa Kemia kama habari iliyotokea mahali pengine.

Tulipofika kwenye mada ya chuma, kitabu kilitueleza tanuru la kiwandani, na sote tulilichora. Hakikutueleza kuwa tulikuwa tumeketi katika nchi ya wafua chuma. Wanyiha, wenyeji wa huku, kama jirani zao Wafipa wa upande wa Rukwa, waliyeyusha mawe yenye chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe, kisha wakakisafisha chuma kile katika tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Walitumia mkaa wa miti. Mkaa ukiwaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huipokonya oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya jiwe. Chuma huyeyuka kikifika nyuzi joto 1,538 za Selsiasi. Tanuru la mkaa halikuhitaji kufika huko: taka ndizo zilizoyeyuka na kushuka, chuma kikabaki kama bonge gumu lenye vinyweleo, tayari kufuliwa kuwa jembe au shoka. Hiyo ni Kemia ya kidato cha tatu iliyofanyika kwenye vilima vya huku kabla ya shule yoyote kujengwa, na iliwezekana kwa kuwa mafundi wale nao walikuwa na kipimo kilekile: tanuru likijengwa vilevile, likishindiliwa vilevile, lazima litoe chuma tena.

Jiografia ilinifundisha kwamba ushahidi unaweza kuwa chini ya miguu na juu ya kichwa. Tunduma iko karibu na longitudo ya nyuzi 32 na dakika 46 mashariki. Saa tunazovaa Tanzania nzima zimewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, iliyo mbali baharini mashariki ya pwani yetu. Jua huchukua dakika nne kupita kila nyuzi moja. Fanya hesabu: tofauti ni nyuzi 12 na robo, sawa na dakika 49. Maana yake, pande hizi jua halifiki kileleni saa sita mchana. Hufika kama saa saba kasoro dakika 11, likiwahi au kuchelewa kidogo kulingana na msimu. Anayetaka uthibitisho asimike kijiti kilichonyooka uwanjani, aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na atafute kivuli kifupi kuliko vyote. Hatahitaji kifaa kingine isipokuwa saa na uvumilivu. Na akivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, atakuta saa zimerudi nyuma kwa saa nzima, ilhali jua ni lilelile na kivuli ni kilekile. Hapo ataelewa kwamba saa ni makubaliano ya watu na mchana ni kazi ya jua, na kwamba mtu mzima anapaswa kuvijua vyote viwili bila kuvichanganya.

Kijiti hichohicho kina somo lingine. Vitabuni tulisoma kuwa jua la utosi huwa Machi 21 na Septemba 23, na wengi wetu tulizikariri tarehe hizo kana kwamba ni za dunia yote. Ni za ikweta. Ihanda iko nyuzi kama tisa kusini ya ikweta, kwa hiyo huku jua husimama utosini katikati ya Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na tena mwishoni mwa Februari, masika yakiwa yamekolea. Siku hizo, jua likiwa kileleni, kijiti hakiachi kivuli cha maana. Tarehe za kitabu zilikuwa sahihi, ila hazikuwa zetu, na njia pekee ya kulitambua hilo ni kutoka nje ya darasa.

Hata mito ina la kusema. Ipo mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja ni mpaka wetu na Malawi, humwaga katika Ziwa Nyasa, na maji yake huendelea kwa Mto Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Wa pili huelekea kaskazini na kuingia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea; maji yakishaingia, njia yake ni kupaa kuwa mvuke na kuacha chumvi nyuma. Mwanafunzi aliyenakili tu kwamba Rukwa ni ziwa la magadi ataandika jibu sahihi kwenye mtihani. Aliyeufuata mto kwenye ramani kwa kidole atajua kwa nini ni hivyo.

Historia ndiyo iliyonisumbua zaidi. Tuliisoma kwa hoja: eleza kwa hoja sita sababu za hiki, eleza kwa hoja sita faida za kile. Hoja zilikuja zimeshahesabiwa, na kazi yetu ilikuwa kuzishika zisidondoke njiani. Lakini chukua mpaka wa Tunduma. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ulioeleza mstari unaoanzia Ziwa Nyasa kwenye mlango wa Mto Songwe na kwenda mpaka Ziwa Tanganyika. Mstari huo uliwaacha Wanyamwanga wakiwa pande zote mbili, na wako hivyo hadi leo, ndugu wa damu wenye vitambulisho vya nchi mbili. Karatasi ya mkataba ni shahidi mzuri wa walichokubaliana waliotia saini. Kuhusu walichokiona wale ambao mashamba yao yalipitiwa na mstari, haina habari. Kwa hilo unawahitaji wazee na masimulizi waliyorithi, nayo yana udhaifu wake, kwa kuwa simulizi husafiri na msimuliaji. Ushahidi wa Historia ni kuwaketisha mashahidi hao pamoja, kuuliza kila mmoja aliona nini, alitaka nini na asingeweza kuona nini, kisha kusema kile tu ambacho ushuhuda wao unaweza kukibeba.

Reli ya TAZARA inayopita Tunduma nayo tuliisoma kama orodha ya faida. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Takwimu hizo ni za kweli, ila zinaanza kueleweka ukiuliza kwa nini nchi mbili changa, Tanzania na Zambia, zibebe mzigo mkubwa kiasi hicho. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inapita kwenye reli za watu waliopinga uhuru wa Waafrika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, barabara ikajengwa, reli ikafuata. Malori yanayopanga foleni Tunduma leo yanapita njia iliyofunguliwa na uamuzi wa kisiasa. Mwanafunzi anayewaona madereva wale kila siku, asipoambiwa hayo, anaishi ndani ya historia akidhani historia iko kwenye kitabu.

Kuna wanaodhani Fasihi haina ushahidi, kwamba kila mtu aseme anavyohisi. Mtihani wenyewe unawapinga, maana karibu kila swali la fasihi humalizika kwa kutaka uthibitishe kwa mifano. Ukisema mhusika ni mbinafsi, onyesha alitenda nini na ukurasa gani. Ukisema ubeti una kasoro, hesabu mizani, tazama vina vya kati na vya mwisho. Ni somo la haki kwa binadamu: linakuzoeza kutomhukumu mtu kwa uvumi hata kama ni mtu wa kubuniwa. Uraia unalipeleka jambo hilo barazani kwa kuuliza sheria inasema wapi na ni nani mwenye mamlaka. Kijana aliyesoma masomo hayo mawili sawasawa hatakuwa wa kwanza kuokota jiwe mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni.

Nimesema kila somo lina ushahidi wake. Sasa niseme kwa nini tunayahitaji yote pamoja, na kwa hilo mbali hatuendi. Kwenye kijiji cha Ndolezi, katika kilima cha Marengi, kipo Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma chenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wanafunzi wa Songwe hupelekwa kukitazama, hupiga picha, hurudi. Lakini hebu kila somo liulize kwa zamu. Umejuaje kwamba si jiwe la kawaida? Fizikia inajibu: mita ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani nane, na ya mwamba wa kawaida haifiki tani tatu, kwa hiyo kipande cha mita za ujazo mbili tu kisingefika tani 16 kama kingekuwa mwamba. Umejuaje kwamba hakikuyeyushwa hapa duniani na mafundi? Kemia inajibu: kama asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli, mchanganyiko ambao matanuru ya kuyeyushia mawe ya ardhini hayautoi. Vimondo vingi vya aina hiyo, vikikatwa, vikang'arishwa na kupakwa asidi, huonyesha michirizi iliyopishana ambayo hujengeka tu chuma kikipoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Umejuaje kwamba kilianguka zamani? Jiografia inajibu: shimo la mshindo halionekani tena, mvua na udongo vimelifuta, na kimondo kilikutwa kimefukiwa hata ikabidi udongo uchimbwe kukizunguka. Habari zake ziliandikwa lini, na nani? Historia inajibu kwamba ilikuwa 1930, na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, kisha inaongeza onyo lake, kuwa tarehe ya kuandikwa si tarehe ya kuonekana mara ya kwanza, maana wenyeji hawakuwa vipofu kabla ya mpima ardhi kufika.

Hakuna somo hata moja kati ya hayo lingetosha peke yake. Fizikia ingetuacha na uzito, Historia ingetuacha na mwaka. Ukweli kuhusu Kimondo umejengwa kwa mashahidi wasiofanana, na nguvu yake inatokana na kutofanana kwao. Ndiyo sababu sikubaliani na kijana anayesema, mimi ni wa sanaa, sayansi hainihusu, wala na yule anayeitupa Historia siku anapochagua masomo ya sayansi. Mtu anaweza kubobea katika moja, na taifa linahitaji wabobezi. Lakini kutokujua kabisa jinsi somo la mwenzako linavyothibitisha mambo ni kumkabidhi mwenzako nusu ya akili yako.

Kinachokwamisha swali hili madarasani, pamoja na uhaba wa vifaa, ni lugha. Mtoto wa Ihanda anaweza kuanza kusema kwa Kinyiha nyumbani, akasoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mjadala unaendelea, na sitaumaliza mimi. Nasema tu nilichokiona: swali la ushahidi ndilo la kwanza kufa mwanafunzi asipokuwa na maneno. Jibu linaweza kukaririwa kwa lugha yoyote, hata usiyoielewa. Sababu haikaririki. Lazima uijenge, uipinge, uirekebishe, na kazi hiyo hufanywa kwa lugha unayofikiria nayo. Walimu waliotuacha tubishane kwanza kwa Kiswahili kwa nini maji ya chokaa yamebadilika, halafu wakatusaidia kuandika hitimisho kwa Kiingereza, ndio ambao masomo yao bado ninayo kichwani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kuingia madarasani 2024, unasisitiza umahiri kuliko kukariri, na umahiri wa kwanza ni kujua umejuaje. Mwalimu akitenga dakika tano za mwisho za kipindi, darasa lijibu pamoja: katika tuliyosoma leo, lipi tumelithibitisha wenyewe, lipi tumelipokea, na tumelipokea kutoka kwa nani? Mzazi anayeuliza jioni "umepata ngapi?" aongeze "na umetambuaje?", hata kama yeye hakusoma, kwa kuwa swali hilo halimhitaji anayeuliza awe na jibu. Na mwanafunzi asingoje kuulizwa.

Wengi wa wenzangu hawataendelea kidato cha tano. Watalima, watafungua maduka Vwawa na Mlowo, watafanya kazi za mpakani Tunduma, watapokea kwenye simu habari za dawa zinazotibu kila ugonjwa, mbegu zinazozaa mara kumi na wagombea wasio na kasoro. Huko hakuna atakayewauliza hoja sita. Watahitaji kujua ni lini jambo linahitaji hesabu, lini linahitaji shamba la majaribio, lini linahitaji shahidi wa pili, na lini linahitaji kifungu cha sheria. Shule iliyowapa uwezo huo imewasomesha, hata vyeti vyao viseme nini. Shule isiyowapa bado inawadai, na deni hilo linaweza kuanza kulipwa kipindi cha kwanza cha kesho asubuhi.